Gari la Roman Mbele ya Shule

Jumatatu, 2 Machi

Mshauri wa shule amenipa daftari hili niandike ninapojisikia kuandika. Nilimwambia sina mengi. Akasema basi andika hali ya hewa. Haya: theluji. Imeanguka tangu asubuhi juu ya theluji ya juzi, na mbele ya nyumba haijazolewa, maana kuzoa theluji ilikuwa kazi ya Roman.

Roman ni kaka yangu. Alifariki Novemba, msimu ule kulungu wanapokimbizana na kukatiza barabara bila kuangalia. Alikuwa anatoka kubingirisha mipira kwenye ukumbi wa boling. Kulungu akatokea, Roman akamkwepa, akakuta mti. Alikuwa na miaka ishirini. Askari aliyekuja nyumbani alivua kofia mlangoni, akamwambia mama, "Damu yake ilikuwa safi, mama. Hakuwa na hata tone." Mama alimshukuru kana kwamba ameletewa zawadi. Naliandika hili kwanza kwa sababu hapa mjini kwetu watu wakisikia boling hadithi wanaimalizia wenyewe. Ukumbi wa boling ndio wenye bia ya bei rahisi kuliko kwingine kote.

Roman alikuwa hapendi bia. Alikuwa anakunywa maziwa ya chokoleti kwa mrija, mbele ya wanaume wenzake, bila aibu.

Jumanne, 3 Machi

Theluji. Nimezoa mimi. Mgongo unauma.

Ijumaa, 6 Machi

Tumeanza mada mpya katika Kiingereza: namna ya kumshawishi mtu. Bi. Thorsen aliandika ubaoni maneno matatu ya Kigiriki, ethos, pathos, logos, akatupa kalamu za rangi. Buluu unapaka pale msemaji anapojifanya mtu wa kuaminika. Waridi pale anapougusa moyo. Njano pale anapotoa hoja. Halafu akatugawia tangazo la kuomba michango kwa ajili ya mbwa waliotelekezwa. Ukurasa wote uligeuka waridi.

"Mwalimu," alisema Brady Ostrowski kutoka nyuma, "huyu mbwa angegombea ugavana angeshinda."

Darasa likacheka. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe Kubiak huna haja ya kusoma haya. Ukitaka kitu unalia tu, unapewa."

Bi. Thorsen alisema "Brady!" kwa sauti ya chini. Halafu akatabasamu kidogo. "Ingawa kusema kweli, huo ni mfano mzuri wa pathos."

Watu wakacheka tena, na mimi nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Nampenda Bi. Thorsen. Siku ya mazishi wengine walikuja na pole zao wakakaa. Yeye alikuja na makaroni ya kuoka, akavua pete zake, akaosha vyombo vyote vya jikoni kwetu bila kuombwa.

Alhamisi, 12 Machi

Baridi, jua kali, barafu inadondoka kutoka kwenye paa. Msamiati wa wiki: kudai, kusihi, kusisitiza, kukanusha, kukiri, kubembeleza, kulaumu, kutetea, kuhoji, kudokeza. Nilipata yote isipokuwa kudokeza. Bi. Thorsen aliandika pembeni ya karatasi yangu: "Ni kumfanya msikilizaji aseme mwenyewe kile ambacho wewe hukukisema."

Alhamisi, 19 Machi

Mama yuko zamu ya mchana kwenye kiwanda cha jibini. Amerudi mikono imekauka. Nimempaka mafuta.

Jumanne, 24 Machi

Theluji imeanza kuyeyuka. Matope kila mahali.

Leo wametangaza ajali ya kuigiza. Huwa inafanywa kila baada ya miaka miwili, siku chache kabla ya dansi ya shule, ili tuogope kunywa na kuendesha. Gari bovu huletwa mbele ya shule, wanafunzi hupakwa damu ya uongo, zimamoto na gari la wagonjwa huja kweli, mmoja anawekwa kwenye jeneza. Mwaka huu darasa letu ndilo litakaloandika maneno yote yatakayosomwa, kama kazi ya mada hii.

Kirsten Haugen ndiye mwenyekiti wa kamati, na ndiye atakayekufa. Alichaguliwa kwa kura. Wasichana watatu walitaka kufa, wawili wamenuna tangu asubuhi.

"Kirsten amekufa kwa kura nyingi," alisema Brady. "Poleni wafiwa."

Bi. Thorsen alinishika bega tulipokuwa tunatoka. "Siku hiyo ukitaka kubaki nyumbani, Renata, hatakulaumu mtu." Nikasema asante. Niliona amenifikiria kabla hata mimi sijajifikiria.

Jumanne, 31 Machi

Mvua. Korongo wamerudi, nimewasikia shambani kwa jirani.

Alhamisi, 2 Aprili

Brady alinifuata kwenye makabati wakati wa chakula cha mchana. Nilijiandaa kutaniwa.

"Kubiak. Njoo hapa kidogo."

"Nina somo."

"Somo litakungoja. Sikia. Gari la yale maigizo yao, mjomba wangu ndiye anayelitoa."

"Najua. Kila mara ni yeye."

"Eeh. Sasa safari hii..." Akajikuna shingo. "Ni lile la kijani."

Baada ya ajali mama alisaini gari la Roman liende kwenye yadi ya magari mabovu ya mjomba wake Brady, kwa sababu hakutaka kuliona tena. Sote tulidhani lilishapondwa likawa chuma.

"Walikuja Jumamosi kuchagua," Brady aliendelea, anaangalia viatu vyake. "Thorsen na Kirsten. Kulikuwa na matatu. Moja limeumia nyuma tu, halitishi mtu. Lingine kutu tupu. Kirsten akaliona la kijani, akasema hili ndilo. Mjomba akawaambia la nani. Kabisa, Renata, aliwaambia. Nilikuwepo, nilikuwa nakula mkate wangu."

"Wakasemaje?"

"Thorsen alilizunguka mara moja. Halafu akasema, 'Basi hiyo inabadilisha kila kitu.' Mimi nikadhani ana maana wataliacha."

Ni mara ya kwanza Brady kuniita Renata.

Lile gari kila mtu hapa analijua. Roman alilinunua kwa mzee mmoja, mlango wa abiria umebonyea, akaubadilisha kwa mlango mweupe wa gari jingine, na hakuupaka rangi kamwe. Watoto walikuwa wanaliita Ng'ombe, kwa baka lile jeupe. Likisimama mbele ya shule na mtu akasema "dereva alikuwa amelewa," mji mzima utakuwa umemwona Roman amelewa.

Ijumaa, 3 Aprili

Nilikwenda kwa Bi. Thorsen kabla ya kengele ya kwanza. Hakukataa. Alifunga mlango, akanipa kiti chake mwenyewe.

"Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia," alisema.

"Mwalimu, hakuwa amelewa."

"Najua, mpenzi. Na hatutasema alikuwa amelewa. Hatutalitaja jina lake kabisa."

"Mlango mweupe wanaujua. Maigizo ni ya mlevi, gari ni la Roman. Watajumlisha."

Alinitazama, na macho yake yakang'aa namna yanavyong'aa mwanafunzi anapopata jibu. "Hiyo ndiyo hoja yako, Renata! Umeiona? Siwezi kuiamulia kamati, ni yao. Lakini waandikie. Waje wakusikilize. Washawishi. Nitaihesabu kama insha yako kubwa ya muhula."

Nilitoka pale nina furaha. Kweli nilikuwa na furaha. Nilikuwa na kazi ya kufanya kwa ajili ya Roman.

Mama sijamwambia. Nikishinda hatakuwa na haja ya kujua.

Jumatano, 8 Aprili

Nimeandika. Nimeweka kulungu, mti, maneno ya askari, na sababu kwa nini gari jingine linatosha. Bi. Thorsen amepaka njano karibu ukurasa wote, akairudisha. "Hoja ni safi," alisema, "lakini Roman yuko wapi? Unawaomba wamwonee huruma mtu ambaye hawajakutana naye. Nionyeshe Roman."

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka. Tumekula nyama ya nguruwe ya kuvuta moshi na viazi, mimi na mama, kwenye sahani za kawaida. Kiti cha Roman mama amekiwekea gazeti ili kisionekane kitupu.

Nimemwandika Roman. Nilikumbuka kwamba asubuhi za baridi alikuwa anatoka kabla yangu, anakaa upande wa abiria, si upande wake, ili kiti changu kiwe na joto nikija kupelekwa shule. Ndipo anahamia kwenye usukani. Hakuwahi kusema anafanya hivyo. Niligundua siku nilipowahi kutoka nikamkuta amekaa pale, amekumbatia mikono, anatetemeka. Akasema, "Unatazama nini? Rudi ndani, bado hakijaiva."

Nimeandika pia kwamba glovu yangu moja ya kushoto bado iko chini ya kiti kile, na kwamba sijanunua nyingine.

Jumanne, 14 Aprili

Upepo. Bi. Thorsen amesoma ile ya pili mbele yangu. Alitoa miwani, akafuta macho. Amepaka waridi mpaka kalamu ikaanza kukauka.

Alhamisi, 16 Aprili

Nataka kuandika taratibu ili nisikosee.

Kamati ilikaa maktaba baada ya masomo. Watu saba, na Bi. Thorsen pembeni, si mpiga kura. Nilisimama nikasoma. Nilianza na mimi ni nani, nikaeleza ajali ilivyokuwa, nikaingia kwenye kiti na glovu, nikamalizia kwa kuwasihi: leteni gari lolote, hili liacheni lipumzike.

Kirsten alikuwa analia kabla sijafika katikati. Wale wasichana wawili walionuna walikuwa wameshikana mikono. Hata Brady, aliyeingizwa kwenye kamati kwa sababu ya mjomba wake, alikuwa ameinamisha uso. Nikakaa. Nikajua nimeshinda. Niliwaza namna nitakavyomsimulia mama.

Kirsten alijifuta pua. "Jamani," alisema. "Jamani, mimi nilikuwa sina uhakika. Haki ya Mungu nilikuwa sina uhakika na lile gari. Lakini sasa..."

"Sasa haiwezekani kutumia jingine," akamalizia mmojawapo.

"Hebu fikirini kile kiti."

"Na glovu! Iko bado pale?"

"Hapana," nilisema. "Naomba. Ninachoomba ni kwamba msilitumie."

"Tumekuelewa, Renata, tumekuelewa kabisa." Kirsten alikuja akanikumbatia, machozi yake yakanilowesha shingo. "Lakini tukikusikiliza hivi sisi tukalia hivi, fikiria shule nzima. Mtu yeyote akisikia ulivyosoma hatakunywa maisha yake yote. Wewe ndiye umetushawishi."

"Hakuwa amekunywa."

"Ndiyo, ndiyo. Hatutasema amekunywa."

Walipiga kura. Mikono sita. Brady peke yake alikataa.

"Ninyi mna wazimu," aliwaambia. "Kaja hapa kawaomba kwa Kiingereza cha kawaida kabisa. Kasema msifanye. Mmesikia nini ninyi?"

"Brady, usianze."

"Mbwa angeeleweka haraka zaidi."

Bi. Thorsen alinisindikiza mpaka mlangoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyeguswa kweli. "Nimefundisha miaka mingi," alisema. "Sijawahi kusikia insha ya mwanafunzi ikifanya kazi namna ile."

Alinipa tisini na nane. Mbili zimekatwa kwenye hoja.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua. Sijaenda shule.

Jumatatu, 20 Aprili

Bi. Thorsen amempigia mama simu kiwandani. Mama amerudi ametulia, ameweka supu mezani, akasema anajua habari za gari.

"Mama, unaweza kuwakataza. Wewe ukisema hapana wataacha."

"Nimeshakubali."

"Kwa nini?"

Mama aliipoza supu kwanza. "Mwalimu wako ni mtu mwema. Ni yeye aliyeosha vyombo. Anasema kila masika kuna mji unazika watoto wa dansi. Anasema kama kifo cha Roman kitamwokoa mtoto wa mama mmoja tu, kitakuwa na maana."

Nilikuwa namsikiliza na kichwani napaka rangi. Vyombo, buluu. Miji inayozika watoto, njano. Mama mmoja tu, waridi. Haukuwa mpangilio mbaya. Nilitaka kumwambia, mama, umepakwa. Lakini alikuwa na sura ambayo sijaiona tangu Novemba, sura ya mtu mwenye jambo la kungojea.

"Kitakuwa na maana," alirudia, akaanza kunywa.

Jumanne, 28 Aprili

Mvua siku ya nne. Mto uko juu.

Nimekwenda kwa Bi. Thorsen na sharti. Wakitaka niisome barua yangu siku hiyo, nitaisoma, ila nitasema kwa mdomo wangu kwamba Roman hakuwa amelewa. Alikubali mara moja.

"Ila fikiria utalisema wapi," alisema. "Ukikanusha jambo ambalo halijasemwa na mtu, wewe ndiye unakuwa umelisema."

"Basi nifanyeje? Nikinyamaza wataamini. Nikisema nitakuwa nimewafundisha."

"Ndiyo ugumu wenyewe," alisema kwa upole, kama tunaongea habari ya zoezi. "Usiliweke mwanzo. Liweke baada ya kiti, wakishakupenda. Na usiseme kwa hasira, mwenye hasira haaminiki. Tutafanya mazoezi pamoja."

Tumefanya mazoezi. Tutafanya kila siku.

Jumatatu, 4 Mei

Mazoezi. Bi. Thorsen anasema sauti yangu ishuke kwenye neno "tone".

Alhamisi, 7 Mei

Anga ilikuwa safi, siku ya kwanza ya joto. Shule nzima ilikaa kwenye majukwaa, na wazazi mbele kwenye viti vya kukunja. Mama alivaa gauni la kanisani. Walimweka mstari wa kwanza.

Waliliondoa turubai na nikasikia jina likipita kwenye majukwaa kutoka juu mpaka chini: Ng'ombe, Ng'ombe, ni Ng'ombe. Wengine walicheka kwa kuzoea, kisha wakakumbuka. Kirsten alikuwa kwenye usukani, kichwa kimeegemea dirisha, damu mpaka kwenye nguo yake ya dansi. Alikuwa amekufa vizuri sana. Kwenye kiti cha abiria waliweka glovu. Haikuwa yangu. Ilikuwa nyekundu, ili ionekane kutoka mbali.

Zimamoto walikuja na king'ora. Mmoja aliushika mlango mweupe akauvuta, na makopo ya bia yakaanguka.

Sikuambiwa kuhusu makopo. Yalikuwa mengi, matupu, na yalibingirika kwenye lami kwa kelele kubwa kuliko nilivyodhani makopo yanaweza kupiga. Moja lilifika mpaka kwenye viti vya mbele likasimama karibu na kiatu cha mama. Mama aliliangalia. Hakusogeza mguu.

Nilimtazama Bi. Thorsen. Alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Sijui kama alijua. Nataka kuandika kwamba hakujua, lakini sijui.

Kisha wakanipa maikrofoni.

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kuyaokota yale makopo moja moja mbele ya watu. Lakini nilikuwa nimefanya mazoezi, na kwa muda wote ule nilikuwa nimeambiwa kwamba mwenye hasira haaminiki. Nikaanza mwanzo, kama ilivyopangwa. Niliwaambia mimi ni nani. Niliwapeleka kwenye asubuhi za baridi, nikawaonyesha Roman amekaa upande wangu anatetemeka. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Nilipoona wamenipenda, nikashusha sauti nikasema: "Kaka yangu hakunywa siku ile. Askari alisimama mlangoni kwetu akasema hakuwa na hata tone." Nikanyamaza kidogo, kama nilivyofundishwa. Ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia bendera ikigonga mlingoti.

Walisimama wote. Walipiga makofi mpaka nikaacha kuona nyuso.

Zimamoto mmoja alinikumbatia na kofia yake kichwani. Mama yake Kirsten alinishika mashavu akasema, "Una moyo wa dhahabu, binti. Kumtetea kaka yako namna hiyo, baada ya yote!"

"Simtetei," nilisema. "Ndivyo ilivyokuwa."

"Ndiyo, mpenzi. Ndiyo. Wewe shikilia hivyo hivyo."

Brady alikuwa anafunga mnyororo wa kulivuta gari. Hakunipongeza. "Makopo sikuyajua," alisema. "Gari lilitoka kwetu tupu. Naapa."

Nilimwamini. Hakuwa na maneno mengine zaidi ya hayo.

Ijumaa, 8 Mei

Kwenye basi mtoto wa darasa la sita alimwonyesha mwenzake: "Yule ndiye dada yake yule mlevi. Alihutubia, jamaa, hata mama yangu alilia."

Bi. Thorsen ameomba nakala ya hotuba yangu, aifundishie mwakani. Atafuta majina.

Jumamosi, 9 Mei

Dansi. Sikwenda. Wanasema wote wamerudi nyumbani salama.

Jumapili, 10 Mei

Siku ya kina mama. Nilimpikia mama mayai na soseji ya kulungu tuliyopewa na jirani, nikamletea kahawa barazani. Jua lilikuwa zuri. Alikaa muda mrefu ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Renata."

"Mama."

"Usikasirike nikikuuliza kitu."

"Sikasiriki."

"Siku ile, kabla hajatoka, ulimwona?"

"Nilimwona. Alikuwa anatafuta viatu vyake vya boling."

"Alikuwa sawa?"

Nilielewa anapoelekea.

"Mama, askari alisema mbele yako. Ulimshukuru."

"Najua alichosema. Lakini askari wale ni watu, wana huruma. Mtu anaweza kumwonea huruma mama." Alikuwa haniangalii, anaangalia barabara. "Nakuuliza wewe tu, hapa tuko wawili. Hakunywa?"

Nikatafuta maneno. Mengi yalikuja, yamejipanga kabisa, nikayaacha. "Hakunywa, mama."

Alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, polepole. Kisha akanipapasa mkono kama ndiye anayenibembeleza mimi.

"Sawa, mwanangu. Ningeamini tu, tatizo Alhamisi pale shuleni ulilisema vizuri mno."